Alama ya Hasi Mbele ya Jibu Langu

Mwaka wa pili wa shule ya ufundi nilitoboa daftari langu kwa kufuta. Tulianza wasichana wawili katika darasa la umeme, lakini mwenzangu aliacha kuja familia yake ilipokimbia mtaa wao kwa sababu ya vita, nikabaki peke yangu kwenye benchi la mbele. Nilikuwa mwepesi wa hesabu, na nilijivunia hilo. Ndiyo maana zoezi lile liliniuma.

Lilikuwa na betri mbili, moja ya volti kumi na mbili, nyingine ya volti sita, zimeunganishwa kwa vizuizi vitatu vya kupunguza umeme. Kabla ya kuandika hesabu yoyote ilitubidi kuchora mshale wa mkondo wa umeme katika kila tawi, kisha kuweka chanya na hasi kwenye ncha za kila kizuizi kwa kufuata mshale huo. Nilifanya hivyo kwa rula. Jibu la tawi la betri ndogo likatoka na alama ya hasi. Nikalirudia, hasi ikarudi. Mwishowe nikaifuta ile alama, nikaacha namba peke yake, lakini sasa mikondo iliyoingia kwenye njia panda ya waya haikulingana na iliyotoka. Nikafuta tena, mpaka karatasi ikapasuka.

Mwalimu wetu alikuwa Mkongo wa Uvira, amevuka mpaka na mkewe na binti zao wawili. Alifundisha kwa Kifaransa kama kitabu kilivyotaka, na akiona macho yetu yamepotea alirudia kwa Kiswahili cha kwao. Siku ile alisimama nyuma yangu akatazama tundu.

“Nani alikuambia ufute?”

Nilimjibu kwamba hakuna mkondo ulio chini ya sifuri, kwa hiyo nimekosea mahali.

“Apana, haukukosea. Huu mushale uliuchora we mwenyewe, mbele ya kujua kitu. Hesabu inakujibu tu kwamba mukondo unapita upande ule mwingine. Acha mushale wako pale, na alama uiache.”

Kisha akaniuliza: ikiwa mkondo unapita upande ule mwingine, hiyo betri ndogo inafanya nini? Wenzangu waliacha kuandika wakanitazama. Nikafuata waya kwa kidole. Mkondo ulikuwa unaingia kwenye betri kwa ncha yake ya chanya.

“Inapokea,” nikasema. “Betri kubwa inaichaji.”

Aliitikia kwa kichwa, akaenda benchi la pili. Mimi nilikuwa nimeamini siku zote kwamba betri kazi yake ni kutoa.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya upande wa Kanyosha, pembezoni mwa mji. Jumamosi moja alikuja kwetu Nyakabiga akiwa amechoka. Alimweleza mama kwamba taa ya chumba cha kuzalishia inawazimikia kabla ya alfajiri. Umeme wa mji haukufika kule tena. Walitumia betri ya lori iliyochajiwa na paneli ya jua juu ya bati. Fundi aliitazama akasema betri imekufa. Lakini kwa vikwazo vya biashara ambavyo nchi jirani zilituwekea siku zile, betri mpya haikupatikana, na hata petroli iliuzwa kwa chupa. Mwanamke mmoja alikuwa amejifungua kwa mwanga wa kuni za jikoni.

Jumatatu nilimsimulia mwalimu. Alifikiri, kisha akaenda kwenye kabati akatoa kipimo cha mkondo chenye sifuri katikati, ambacho sindano yake inaweza kwenda kulia au kushoto. Alisema angekuja mwenyewe, ila karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimepitwa na wakati na kizuizi cha askari barabarani kilimtisha. Akanifundisha jinsi ya kukiunga, na akaniagiza nichore mishale yangu kabla ya kugusa waya wowote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na shangazi, kipimo kimefungwa ndani ya kitenge. Askari wa kizuizini alikifungua, akakigeuzageuza, akauliza ni cha nini. Shangazi akamwambia ni cha taa ya wazazi. Akatuachia, akatukumbusha kwamba saa tisa alasiri njia inafungwa.

Niliunga kipimo kati ya paneli na betri, nikachora kwenye daftari mshale kutoka paneli kwenda betri. Jua lilikuwa kali, sindano ikaenda kulia. Betri ilikuwa inapokea vizuri. Basi haikuwa imekufa. Shangazi aliniletea uji. Niliunywa nikitazama mshale wangu, nikajiuliza kama mkondo unaufuata saa zote au saa za jua tu.

Sikuweza kungoja jioni. Nikamwomba shangazi blanketi. Mlinzi wa kituo akaleta ngazi, akapanda, akafunika paneli nzima.

Sindano ilishuka, ikafika sifuri, haikusimama. Ilivuka ikaenda kushoto, kidogo tu, ikatulia pale.

Nikaandika namba ile na alama ya hasi mbele yake, wala sikuifuta. Betri ilikuwa inarudisha umeme kwenye paneli. Haukuwa mwingi, lakini ulitoka usiku kucha, kila usiku, na betri ile ilikuwa imezeeka. Nikafungua kisanduku kilicho chini ya paneli. Mahali pa diodi, kile kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, mtu alikuwa ameweka waya mtupu.

Mwalimu ndiye aliyepata diodi, kwenye alteneta, mtambo wa kuzalisha umeme, ya lori bovu katika gereji ya mtaani kwetu. Haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha upande. Tuliijaribu darasani kwa betri na balbu: tukiiunga hivi, balbu inawaka, tukiigeuza, inazimika. Nikapaka rangi ya kucha upande wa kutokea mkondo.

Hata hivyo, nilipofika tena Kanyosha niliiunga kinyume. Jua liliwaka na sindano ikalala sifuri kabisa. Mlinzi aliniuliza kama sasa nimeiua betri kweli. Nikatazama mchoro, nikaona kosa langu, nikaigeuza, na sindano ikaenda kulia. Tukafunika paneli kwa blanketi. Ilirudi sifuri ikabaki pale.

Siku nne baadaye shangazi alituma salamu kupitia muuza mboga kwamba taa imewaka mpaka asubuhi.

Nilimpelekea mwalimu habari nikitegemea sifa. Aliniomba daftari, akasoma namba zote polepole, akaniuliza kama nimeweka fyuzi ya kukata umeme ukizidi karibu na betri. Sikuweka. Akaniambia basi kazi haijaisha, na ikanilazimu kurudi mara ya tatu.

Mwaka uliofuata vita viliukaribia mtaa ule na kituo kikafungwa. Shangazi alifika kwetu mchana kwa miguu, pamoja na wanawake wawili waliojifungua juzi yake na vichanga vyao, akiwa ameshika daftari la vizazi chini ya kwapa. Vingine vyote waliviacha. Mama aliwapa wale wazazi kitanda chetu, mimi nikachemsha maji. Baada ya kula, shangazi alifungua lile daftari, akaomba kalamu yangu ya shule, kwa sababu katika haraka ile hakuwahi kuwaandika wale watoto wawili. Aliandika jina la mama wa kila mtoto, uzito, jinsia, na saa ya kuzaliwa. Wote wawili walikuwa wamezaliwa usiku.

“Huyu wa pili,” akaniambia bila kuinua kichwa, “kitovu kilimuzunguka shingoni. Taa iliwaka, nilikiona mapema.”

Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.