Nilivyompaulia mama mkwe nyumba nisiyoruhusiwa kuingia

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Hili lilinikuta mwenyewe, Kemambo, Tarime vijijini, miaka ile dhahabu imepamba moto. Sijaongeza chumvi, iliyokuwemo inatosha.

Nilikuwa nauza mbao na misumari karibu na machimbo. Mzigo nahesabu mara mbili: kwanza mbele ya muuzaji, halafu tena akishageuka. Ndiyo maana duka halikufa.

Nilikuwa nimemuoa Robi. Mama yake ni mjane, na alikuwa anaishi kwenye nyumba ya nyasi inayovuja kila kona. Pembeni yake kulikuwa na kuta za tofali za udongo. Marehemu mume wake aliziacha bila paa.

Nikajitolea kuzipaua kabla ya masika.

Sasa kwa wasiojua mambo ya ukweni kule: mkwe wa kiume haingii ndani kwa mama mkwe. Shikamoo unaitoa mbali, naye anaitika kageuza uso. Kukiwa na neno, Robi ndiye analipeleka na kurudisha jibu. Hata kuta zikiwa tupu, kwake ni kwake.

Bati nilifuata Sirari. Nilibishana bei na mama muuzaji mpaka akaniuliza, "Wewe umekuja kununua mabati ama umekuja kunioa?"

Akapunguza. Tuendelee.

Shida ikawa fundi. Waliokuwa wanajua kupaua wote wameshuka mashimoni. Aliyeshika nyundo juzi, leo kashika sururu.

Aliyepatikana ni Marwa, kijana wa machimbo, shimo lao limejaa maji. Kazi yake ni matimba, yaani zile nguzo na mbao zinazozuia shimo lisiwaangukie wachimbaji.

"Umewahi kupaua?" nikamuuliza.

"Tajiri, mimi nimezuia mlima usishuke. Nitashindwa na bati?"

Nikaona ana hoja.

Kazi ikaanza. Mimi nimesimama kwenye ua, nahesabu mbao zinavyoingia mlangoni. Zikishapita pale sizioni tena. Nasikia tu kugonga.

Siku ya kumaliza, kwa nje nyumba ilikuwa nzuri jamani. Mgongo wa paa umenyooka, bati zinang'aa mpaka ng'ombe wanakwepa. Nilianza kuwapitisha watu njia ile hata wasiokuwa na safari.

Mama akahamia. Haikupita muda Robi akaniletea ujumbe.

"Mama anauliza ile miti iliyosimama sebuleni ni ya nini. Anasema anapita kwa ubavu kama mbuzi zizini."

Nikamuuliza Marwa. Akasema ndiyo mtindo wa kisasa.

Nikamtuma Robi na jibu hilohilo. Jibu likarudi: "Anasema huo usasa umempiga kichwani."

Nikadhani ni maneno ya ukweni tu.

Basi jioni moja upepo wa mvua ukashuka. Asubuhi Robi akaja dukani mbio, kanga mkononi.

"Paa limeinuka likakaa tena! Mama kalala kwa jirani."

Nilipofika, ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeegemea nje, na juu kwenye kona kuna ufa unaoingiza kiganja. Mawingu yalikuwa yanarudi. Mvua moja tu, ule ukuta unakwenda na paa linashuka.

Nikamtuma Marwa achungulie ndani. Akatoka anajikuna.

"Kabari zimedondoka, tajiri."

"Kabari? Misumari niliyokupa?"

"Ya bati nimepiga. Hizi nguzo nimezikaza kwa kabari. Shimoni udongo wenyewe unabana."

"Na upepo?"

"Tajiri, kule chini hakuna upepo."

Wakuu, msimcheke. Kwa elimu yake alikuwa sahihi kabisa. Maisha yake yote mzigo unatoka juu unakuja chini. Hajawahi kuona mlima ukiruka.

Wasiojua paa niwaeleze kidogo. Kenchi ni pembetatu. Zile mbao mbili za mteremko zinataka kupanuka miguu, kama mtu anayeteleza. Mbao ya chini ndiyo inayoishika miguu hiyo pamoja. Marwa hakuiweka, aliweka nguzo. Nguzo zilipolegea, miguu ikapanuka na kusukuma ukuta nje.

Ilibidi mtu anayejua kenchi aingie. Na pale anayejua ni mimi muuza mbao, nisiyeruhusiwa kuvuka mlango.

Nikabaki kwenye ua, nyundo mkononi, wingu linazidi kuwa jeusi.

Mama mkwe akatokea kwa jirani. Hakunitazama. Akamgeukia kuku wake mmoja mwekundu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni:

"Wewe kuku, nyumba hii imenishinda. Si kwangu tena, ni ya mafundi. Atakayetaka kuingia na aingie. Nikiitaka nitaidai."

Akamwita Robi, wakaanza kutoa vitu. Kitanda, mtungi, sufuria. Akafagia kabisa, akatoka na ufagio wake.

Mimi ni mtu wa kupatana bei, lakini ule ujanja nilimvulia kofia.

Nikaingia. Mle ndani kulikuwa na msitu! Nguzo huku, nguzo kule, yule mama alikuwa anaishi machimboni na hajui.

Tukakaza kamba, tukavuta ukuta taratibu mpaka ukasimama. Marwa akapanda juu, mimi nampa mbao. Tukavusha mbao za chini toka ukuta hadi ukuta, tukapigilia miguu ya kila kenchi. Katikati tukasimamisha kijiti cha kushika kilele. Kisha waya mnene, tukaifunga kenchi na ukuta, paa lisipate wazo la kuondoka. Marwa alikuwa anapiga misumari kwa hasira kama anamlipizia mtu.

Nguzo za mwisho tunazitoa, upepo ukafika. Bati zikavuma. Hakuna kilichosogea.

Nikasimama katikati ya sebule naangalia juu. Wakuu, nilijisikia raha ambayo biashara haijawahi kunipa.

Nje nikasikia, "Kuku, mwambie fundi mvua inanilowesha. Naitaka nyumba yangu."

Nikatokea mlango wa nyuma, yeye akaingia wa mbele.

Mvua ikamwagika. Mimi nimejibanza chini ya ukingo wa paa nililolipaua, nimelowa mpaka soksi. Marwa, ambaye si mkwe wa mtu, alikaribishwa ndani. Akapewa ugali na maziwa ya mgando.

Akaniita dirishani, mdomo umejaa:

"Tajiri! Hakuvuji hata tone!"

Funzo: ukipaua, usiangalie mgongo na bati tu. Panda ukaone miguu ya kenchi imeshikwa na nini. Kama mila hazikuruhusu, mtume anayejua. Na mama mkwe akilalamika, msikilize, yeye ndiye anayelala humo.

Nyumba ipo imara mpaka leo. Naambiwa ndani amepaka rangi nzuri sana.

Wenye visa vya ukweni na wenye visa vya mafundi, uwanja ni wenu. Mwenye vyote viwili aanze yeye.