Blanketi Nililolifumua

Nguo mbichi ikikaukia juu ya moshi ina harufu yake, na nikiinusa hata leo najikuta Kibomet, mtaa wa Kitale, katika chumba kimoja tulichopanga mimi, mama na mdogo wangu Nekesa, mwezi wa saba, mvua ikinyesha kila mchana kama imeajiriwa. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeandika, na shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo nikikosea mahali usinishike shati. Baba alikuwa Bungoma akipakia mizigo stesheni. Mama alikuwa kibarua katika mashamba ya mahindi ya watu, na jioni alishona mablanketi ya viraka. Mabaki ya vitambaa aliyapata kwa fundi mmoja Mwislamu aliyekuwa na cherehani yake kwenye veranda karibu na msikiti, mtu wa utani sana. "Mama Naliaka," alikuwa akimwambia, "ukiendelea hivi utavaa vizuri kuliko wateja wangu, tena bure." Mama alikata viraka vya pembe nne, vyote sawasawa, na uzi aliuficha hata usijue kiraka kimeshikwa na nini. Mimi mshono wangu uliuona hata ukisimama mlangoni. Alinigonga vidole kwa kijiko, nikafumua, nikarudia, ukaonekana tena.

Sasa hapa lazima nikueleze jambo la ulimi wetu, bila hilo hutanielewa. Sisi wa upande wa Bungoma l na r ni kitu kimoja. Mtu anakwambia "kurara" na wewe unajua ni kulala, maisha yanaendelea. Mama aliugua kifua mwezi huo, na siku moja asubuhi, sauti ikiwa imebaki kidogo kabisa, alinitazama akasema, "Rinda mtoto." Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Nekesa alikuwa wa miezi minne, na blanketi lake lilikuwa limefika nusu na vipande vimekwisha. Nikaona mama ananiambia nichukue rinda lake, yaani gauni, nimalizie blanketi la mtoto. Alikuwa nalo moja zuri, la maua ya manjano, la kuendea kanisani. Nikalikata lote. Mchana ule ule nikaliunganisha na blanketi, nikamfunika mtoto, akalala vizuri kuliko siku zote. Mama alifariki kesho yake.

Tulimzika Matulo, nyumbani kwa baba. Kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka wafiwa wanyolewe nywele na wazee wakae kikao, ndipo zinagawanywa kwa ndugu. Senge, yaani dada mkubwa wa baba, ndiye aliyefungua kisanduku cha mama kuhakikisha kila kitu kipo. Akatafuta rinda la maua. Halafu akamwona Nekesa amefunikwa nalo.

"Wewe Naliaka. Hii ni nini umefanya?"

"Mama alisema rinda. Alisema rinda, mtoto."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakageuka. Mmoja wao, jirani, akasema polepole, "Huyu mama alikuwa anasema alinde mtoto. Kulinda. Si nguo."

"Ati nguo," senge akasema. "Mtu anakufa, anaacha kitoto, halafu akumbuke nguo?" Halafu akanielekeza kidole. "Mtoto hawezi kulala ndani ya nguo ya maiti kabla ya siku yake. Mama yake atamfuata. Fumua. Na hiyo rinda uirudishe vile ilikuwa, wazee wakikaa waikute."

Baba alikuwa pale. Aliangalia chini tu. Sikumchukia wakati ule. Nilimchukia baadaye, nikiwa na watoto wangu.

Basi nikafumua. Nekesa akapewa leso ya senge, kanga nyepesi, imefuliwa mpaka unaona mkono kupitia kwake, na Matulo mwezi wa saba kuna umande wa kuuma mifupa. Mimi nikakaa nyuma ya jikoni na vipande vyangu. Binamu zangu walipita wakiniita fundi wa maiti, "fundi, nipimie suruali," wakacheka. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweusi, mnene, wa suruali, aliokuwa amenipa yule fundi wa Kitale. Hauwezi kufichwa hata na mtu mwenye akili. Kwanza nililia. Kisha nikaacha kujaribu kuuficha. Nikaupitisha juu kwa juu, kama meno, nikafuata kila kovu la mkasi lilipokwenda. Mahali kipande kilipokosekana nikatia kitambaa cha mfuko wa unga. Mkono wa rinda ukarudi kuwa mkono, kola ikawa kola, lakini kila mtu aliweza kuona ilikokatwa.

Na nitasema ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilifurahia. Siku ya tatu mkono wangu ulishika mwendo wake wenyewe, si wa mama, nikaona kwamba hivi ndivyo mimi ninavyoshona. Nekesa alikuwa akikohoa ndani. Nilimsikia. Nikajiambia nimalize kola kwanza.

Nilimaliza kola. Nekesa alikufa juma lile lile, kabla wazee hawajakaa. Senge alilia kuliko wote, na nguo zilipogawanywa rinda likamwangukia yeye. Sikuwahi kumwona amelivaa.

Sijui kushona kwingine tangu hapo. Blanketi langu halina viraka vya pembe nne. Ukilitandaza unaona mkono wa shati, mfuko, ukosi, na uzi mweusi ukizunguka kila kimoja. Wasichana wa siku hizi wanakuja na simu, wanapiga picha, wananiuliza nani alinifundisha. Nasema mama. Bungoma dukani ninaponunua uzi kuna mablanketi laini yenye picha ya simba, rahisi, mtoto hana sababu ya kupigwa na baridi. Hata nguo za marehemu, wengine wanazipeleka tu kanisani. Lakini si wote.

Mwezi jana jirani yangu hapa Bungoma alifiwa na binti yake aliyeacha mtoto wa miezi mitano. Alikuja mchana na mfuko wa nguo za marehemu, akasimama mlangoni kama mwizi.

"Kukhu," akasema, yaani bibi, "nimekuja kuuliza tu. Wazee wa kwao wamesema tungoje siku ya kugawa."

"Mtoto amelalia nini?"

"Koti langu."

Nikauchukua ule mfuko. Nilikuwa nimeshakata sketi ya kwanza kabla hajapata kiti.