Jogoo wa Mwalimu Kwenye Simu ya Mama

Nilimpiga picha jogoo wa jirani nikamtangaza kama wetu. Ningependa kusema nilikosea, lakini jogoo mwenyewe ndiye aliyekuja kwetu, akapanda juu ya kuni, akageuza kichwa upande wa jua na kusubiri. Kuku wa mama nilikuwa nimewafuata na simu tangu asubuhi, na nilichopata ni mikia. Huyu alijua kazi.

Kwetu Kabuchai, huku Bungoma, mchana kuku ni wa kila mtu. Wanavuka ua, wanakula mahali wamekuta chakula, na jioni kila mmoja anarudi kwao bila kusukumwa. Kwa hiyo ukikutana na kuku mchana, huwezi kusema kwa uhakika ni wa nani. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu. Niliutayarisha mapema.

Mambo yenyewe yalianza likizo ya Agosti, walipofungua kituo cha mtandao kwa chifu. Intaneti ya bure, kompyuta chache, na dada mmoja wa kutufundisha kuuza vitu kwa simu, ili vijana tujiajiri na tuache kukaa darajani. Ndani ya darasa intaneti ilikuwa inapotea. Ilishika vizuri nyuma, kando ya choo, kwa hiyo wafanyabiashara wote wa kesho walikuwa wanasimama pale, na mtu aliyekuja kujisaidia kwa haki alipanga foleni pamoja na sisi bila kujua. Dada alituambia picha ndiyo duka. Picha ikiwa mbaya, mteja amepita. Hayo niliyaandika. Alisema pia tupige picha ya kile kitu tunachouza. Hayo niliona ni wazi, sikuyaandika.

Mama anafuga kuku wa kienyeji. Tangu nipate akili amekuwa akimwuzia broka mmoja anayekuja na pikipiki, tenga limefungwa nyuma. Broka hashuki. Anaangalia kuku akiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, anataja bei yake mwenyewe, na mama anakubali kwa sababu kuku hawezi kungoja broka mwingine bila kula. Mama alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mteja wa kila wiki ambaye hapitii kwa huyo mtu. Akanipa simu yake, ambayo kwa kawaida hanipi hata kuangalia saa, akaniambia nimtafutie.

Nikaiweka ile picha kwenye grupu la wanunuzi wa Kitale ambalo binamu yangu wa Endebess alinitia. Chini yake nikaandika: kuku wa kienyeji kutoka Bungoma, wako wengi, wote ni kama huyu. Jibu lilikuja kabla sijatoka pale chooni. Mama mmoja mwenye hoteli Kitale, karibu na stendi, alisema anataka kuku kila Alhamisi, lakini kwanza atakuja kuwaona. Nilimpelekea mama habari mbio. Alifagia ua, halafu akaufagia tena. Picha hakuuliza, na mimi sikuona haja ya kumsumbua.

Sasa mwenye jogoo. Ni mwalimu mstaafu aliyemfundisha mama darasa la tano, na mpaka leo akiingia kwetu mama anasimama. Jogoo alikuwa amewekwa kwa ajili ya wakwe. Binti wa mwalimu amechumbiwa na kijana wa Malakisi, wazee wa huko walikuwa waje mwezi huo, na kwetu mkwe hawekewi kuku mdogo. Anataka kuona firigisi imelala mbele yake, na iwe ya jogoo aliyeshiba. Kwa hiyo yule jogoo alikuwa analishwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali, na hakukuwa na mtu kijijini asiyejua ni wa nani. Utetezi wangu ulikuwa na hilo tundu.

Mama wa hoteli alifika Jumamosi, mnene, mtulivu, simu mkononi tayari imefunguliwa kwenye picha. Alisalimia vizuri, akakataa chai, akatazama ua. Jogoo alikuwepo. Ni yeye tu aliyekuwepo. Kuku wa mama walikuwa chini ya ghala, wakitaga au wakinichukia.

“Ndiyo huyu,” akasema. “Wengine wa saizi yake wako wapi?”

Mama akaangalia simu. Akaangalia jogoo. Akaniangalia mimi, na nikajua ameshasoma yote usoni kwangu. Nilimwonyesha kwa macho kwamba mwalimu hayuko. Ilikuwa kweli, ameenda sokoni, nilikuwa nimehakikisha. Angeweza kusema huyo jogoo ni wa mbegu, hauzwi, na mambo yaishe. Hata hiyo nilikuwa nimemwandalia.

“Huyo ni ya jirani,” mama akasema. “Yangu ni midogo.”

“Na nani aliweka picha?”

“Ni huyu wangu.”

Mama wa hoteli alinitazama sana. Akauliza kama ni mimi niliyeandika wote ni kama huyu. Nikakubali. Akauliza shuleni napenda somo gani. Nikasema biashara. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amekataa kula.

Hapo mwalimu akatokea. Mtu fulani alikuwa ameona mgeni akimnyooshea jogoo kidole, akampigia simu. Kijijini kwetu mtandao ulikuwepo hata kabla ya kituo. Mama, ambaye alikuwa amesimama tayari, alijaribu kusimama tena. Akamweleza mwalimu kila kitu bila kupunguza, hata pale ambapo angepunguza kidogo kwa ajili ya mtoto wake. Mwalimu akaomba simu. Akaishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Mimi nilikuwa naangalia fimbo yake.

“Umemkata mkia,” akasema.

Nikasema samahani, mwalimu.

“Jogoo bila mkia ni nini? Rudia. Halafu uitume Malakisi, wajue wanangojewa na nani.”

Nikarudia. Jogoo akasimama vizuri, kama kawaida yake. Wakati huo mama alikuwa anatikisa mkebe wa mahindi, na kuku wake wakaanza kutoka chini ya ghala mmoja mmoja. Mama wa hoteli akamshika mmoja, akapuliza manyoya ya kifua, akamgusa mfupa kwa kidole gumba, akampima kwa mkono. Akamshika mwingine.

“Hawa wametembea,” akasema mwishowe. “Wateja wangu ni madereva ya malori ya mahindi, hao hawataki kuku ya kulala. Huyo jogoo hata haingii kwa sufuria yangu.” Akamgeukia mama. “Lakini ungeniambia ni yako, ningerudi saa hiyo hiyo. Mabroka wa kunidanganya niko nao Kitale, si lazima nije mpaka huku. Sasa sikia. Kila Alhamisi. Na picha upige wewe mwenyewe, bana. Huyu asiguse.”

Broka alipita Jumatatu. Mama alimwambia akiwa mlangoni kwamba kuku wana mwenyewe. Hakushuka, lakini alizima pikipiki, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliona.

Jumatano nikampeleka mama kituoni, kando ya choo, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Kuku tulikuwa nao kwenye tenga. Picha yake ya kwanza ilikuwa na nusu ya kuku na mguu wa mama mzima, na ndala. Nilimshauri aifute. Akaituma. Jibu kutoka Kitale likaja hapo hapo: sawa, nimewaona, walete.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mama kwa upole kwamba ile picha ni mbaya, na dada wa kituo angempa sifuri. Alitembea, tenga kichwani, simu ameificha kifuani mahali siwezi kuiomba. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo akasema:

“Wewe, siku utaniletea picha ya msichana, ati huyu ndiye unataka kuoa, mimi sitabishana na wewe. Nitavaa viatu, niende kwao, nimwone na macho yangu.”