Mdhamini Wangu wa Manyoni

Mwaka nilioomba kusoma shahada ya uzamili ya takwimu za afya, kila chuo kilitaka wadhamini wawili: mtu wa kazini na mtu aliyenifundisha. Wa kazini nilikuwa naye, mkuu wa kitengo katika hospitali ya Singida mjini nilikokuwa nikiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Wa chuo alikuwa mmoja tu niliyeweza kumwomba bila aibu. Huyo aliwahi kunisimamisha ubaoni mbele ya darasa zima, nikakosea, akakataa nisikae mpaka nipate. Siku tunamaliza chuo aliniambia, "Usiishie kuhesabu wagonjwa. Kasome ujue kwa nini wanakufa."

Alikuwa amestaafu na kurudi kwao Manyoni. Nilimtumia ujumbe, nikajieleza kwa urefu maana nilidhani amenisahau. Jibu lilikuja jioni ile ile: "Nakukumbuka, binti yangu. Njoo nyumbani tuongee kabla sijajaza." Nilimpigia mama yangu, yeye akiwa shambani Mgori, nikamsomea. Alimshukuru Mungu kwa Kinyaturu, kwa sauti kubwa, hata nikamsikia mtu aliyekuwa anapalilia naye akiuliza kuna nini.

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi. Liliposimama Mkiwa nilinunua jogoo kupitia dirishani, kwa sababu huwezi kwenda kwa mwalimu wako mikono mitupu. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Baadaye kidogo ukaja ujumbe: "Ukishuka chukua bodaboda, mwambie nyuma ya reli, kwa mwalimu mstaafu." Nikaona ni uzee tu, hapendi kuongea kwenye simu.

Mkewe ndiye aliyenifungulia mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Alimpokea jogoo, akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, miguu imefunikwa shuka. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia, ule aliokuwa akishikia chaki, ulikuwa umelala mapajani, vidole vimejikunja. Nikamwamkia. Alinitazama sana, kisha akasema, "Basi."

"Ndilo neno alilobaki nalo," mama akasema. "Kiharusi kilimpata baada ya mavuno ya mwaka jana. Akitaka maji ni hilo. Akiumwa ni hilo. Akifurahi pia ni hilo hilo."

Nilikaa kwenye kochi.

"Sasa mama, nani alikuwa ananijibu?"

"Mimi." Hakuinamisha macho. "Mwanzoni niliwaambia watu ukweli. Walikuja, wakasema pole, wakaona hali yake, hawakurudi. Hata kupiga simu wakaacha. Kwa hiyo wanafunzi wasiojua wakiandika, nawajibu. Nimeishi naye tangu ujana, najua angesema nini."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Sikuwa na uhakika.

Akachukua simu ya mwalimu juu ya kabati. Barua pepe ya chuo ilikuwa imeshafika, na ukurasa wa mdhamini ukafunguka bila shida, nafasi ya maelezo ikiwa tupu. "Kiingereza changu hakifiki huko," alisema. "Andika wewe, mimi nitabonyeza kutuma. Yeye mwenyewe angekusifia kuliko utakavyojisifia."

Nilitaka kuandika. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa karibu, na wahadhiri wengine walinijua kwa jina tu. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mwalimu, niandike kwa jina lako?"

"Basi."

"Au nisiandike?"

"Basi."

Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi, lakini mama alisema jicho hilo linatoa machozi kutwa. Mkono wake wa kushoto, ule ulio mzima, ukanyanyuka, ukashika wangu kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Sikujua kama ananizuia au ananiruhusu. Nilikaa hivyo mpaka magoti yakaniuma, namtazama usoni, sikupata kitu.

Nikamrudishia mama simu. "Siwezi, mama. Sijui anataka nini."

"Kwa hiyo kwako ameshakufa," akasema. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma.

Akaenda kupika. Chakula kilipoiva alinipa bakuli la mchuzi wa yule jogoo, akanionyesha namna ya kumlisha: kijiko upande wa kushoto, kisha nisubiri ameze. Nikamlisha mwalimu wangu. Mchuzi ulimtiririka kidevuni, nikawa namfuta kwa kitambaa. Habari za chuo hatukuzigusa tena, na alasiri nikarudi Singida.

Mdhamini wa pili nilimpata kwa kubembeleza, mhadhiri aliyenifundisha muhula mmoja. Alijaza siku ya mwisho, maneno machache ambayo yangemfaa mtu yeyote. Vyuo viwili vikanikataa. Cha tatu kilinipa nafasi bila ufadhili, na nyumbani kwetu hiyo haina tofauti na kukataliwa. Nilikwenda Mgori kumwambia mama yangu. Alikuwa uani anapiga alizeti.

"Kwani hawakuona matokeo yako?" akauliza.

"Waliyaona."

Akaendelea kupiga.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia kutoka namba ya mwalimu: "Majibu vipi, binti yangu?" Nilijua ni vidole vya nani. Nikajibu, "Mwalimu, imeshindikana." Akaandika, "Pole. Usikate tamaa." Tukaendelea kuandikiana hivyo, mimi nikimwita Mwalimu na yeye akiitika, wote wawili tukijua.

Kisha asubuhi moja namba ile ikapiga. Haikuwahi kupiga. Nikajua kabla sijapokea.

Mazishini wanafunzi wa zamani walikuja wengi, wengine kutoka mbali. Jamaa niliyesoma naye darasa moja alisimama karibu nami makaburini, analia kama mtoto. "Juzijuzi tu alinijibu," aliniambia. "Nilitaka kuacha kazi, akanituliza vizuri kabisa. Wala hakusema kama anaumwa." Mke wa mwalimu alikuwa mbele yetu, ndugu wamemshika huku na huku. Najua alisikia. Hakugeuka.

"Hakupenda kusumbua watu," nikasema.

Jioni nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wa jirani, sauti imemkauka. Akaniuliza kama nimeomba tena. Nikamwambia bado.

"Utaomba," akasema, kama mtu anayesema kitu kwa sababu kinatakiwa kusemwa, akageuka kuwapokea wageni wengine waliokuwa wanaingia.