Miti ya Sanavbar Yavishwa Sanda

Sanavbar akipaka mti chokaa, hasazi hata kitawi. Sisi wengine katika bonde la Isfara tunapaka shina tu, usawa wa kiuno, ili mkubwa fulani akipita na gari lake aone kijiji kimenawa uso. Yeye Januari ile alijitwika bomba la kupulizia mgongoni, akapanda ngazi, akanyunyiza chokaa mpaka ncha za vijiti vya miaprikoti yake kumi na miwili. Alipomaliza, miti ilisimama kando ya barabara kama maiti waliofufuka wakawa wanasubiri basi.

"Dada Sanavbar," mwalimu Ubaydullo alimwita kutoka upande wake wa ukuta, "mbona umeivisha sanda na haijafa?"

"Naikinga na jua, mwalimu. Isije ikaamka mapema."

"Mti unaamshwa na jua la Februari?"

"Mpaka Desemba umelala fofofo, hauamki hata uwashe moto chini yake. Ikifika Februari umeshashiba usingizi, unajisingizia tu. Ukisikia joto kidogo unaruka kitandani uchi, halafu baridi inarudi."

Ubaydullo alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na ukutani kwake kulikuwa na kipimajoto cha pekee kijijini. Kwa hiyo hali ya hewa aliichukulia kama mali yake, akiitangaza kila asubuhi kwa sauti ya mtu aliyeileta mwenyewe.

Sanavbar hakuwa na muda wa kucheka. Miti ile ilipandwa na marehemu mumewe, ila ardhi ilibaki kwa jina la shemeji yake, Gafur. Gafur alikuwa amejenga ukumbi wa harusi hapo jirani, nguzo nane za plasta na simba wawili langoni, wote wana makengeza. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa mahali pa kuegesha magari. Na miaka miwili mfululizo baridi ilikuwa imeua maua ya miaprikoti, Sanavbar hakuvuna hata ya kuonja. Basi vuli ile Gafur aliweka mkono kifuani pale mkahawa wa chai, mbele ya wanaume wote, akatamka: "Shemeji yangu namheshimu. Lakini mwaka wa tatu bila aprikoti, nakata."

Wote walimsifu kwa uvumilivu wake. Pilau waliyokuwa wanakula aliinunua yeye.

Februari ikaja na ahadi zake za uongo. Siku tisa za jua, theluji ikayeyuka, wanaume wakavua makoti na kukaa nje wakijipongeza. Matumba ya miaprikoti ya Ubaydullo yalivimba yakaonyesha wekundu. Ya Sanavbar, ndani ya chokaa, yalibaki madogo na magumu kama punje za pilipili manga.

Siku ya kumi upepo uligeuka. Usiku mmoja tu ulitosha: nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, kwa kipimajoto cha mwalimu.

Alfajiri Ubaydullo alitoka na wembe wake wa kunyolea. Alichuma tumba moja mtini kwake, akalipasua katikati, akaona kijani safi. Akapasua la pili, kijani. Hakungoja hata kunywa chai. Alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba aprikoti zimepona, na mkahawani walichemsha chai ya bure kwa furaha. Gafur peke yake aliinywa kama dawa.

"Mwalimu," Sanavbar alimwambia walipokutana kisimani, "umepasua tumba lililoganda."

"Nimeona kijani kwa macho yangu."

"Hata nyama iliyoganda inapendeza. Iache iyeyuke kwanza ndiyo unuse."

Yeye alikata vijiti vyake na vijiti viwili vya mwalimu, akavitia kwenye mtungi wa maji, akavificha chumba cha ghala kisicho na jiko. Siku ya tatu akamwita Ubaydullo. Wakapasua matumba ya mwalimu yote. Kila moja lilikuwa na kitone cheusi katikati, pale ambapo tunda lingeanzia. Mwalimu aliufunga wembe taratibu, akaomba watu wasiambiwe mpaka awe amemaliza chai yake.

Gafur aliambiwa nusu saa baadaye. Alikuja na msumeno wa mashine begani, amevaa suti ya ukumbini.

"Tuhesabu ya kwako, shemeji," alisema. "Mimi si mtu wa fujo."

Walikaa chini na sinia. Sanavbar alipasua matumba mia moja, hai kulia, mafu kushoto. Kulia yalikuwa thelathini na moja.

Gafur alipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. "Sitini na tisa yamekufa. Huu ni msiba, na mimi nina harusi Aprili."

"Ukumbi wako unaingiza wangapi?"

"Mia mbili."

"Na kadi unagawa ngapi?"

"Mia sita. Watu wetu si unawajua."

"Wakija wote?"

Gafur aliwaza sufuria zake. "Watavunja mlango."

"Basi na mti ni hivyohivyo. Umesahau ule mwaka maua yote yalipona? Matawi yalikatika, na tunda lilikuwa kama mavi ya mbuzi. Thelathini katika mia yananitosha, tena yatakuwa manene."

"Maneno hayo."

"Chukua kijiti hiki, kipeleke kwako. Kisipochanua, rudi na huo msumeno, nitakushikia ngazi."

Gafur alikichukua, akakichomeka mfukoni mwa suti. Mkewe, Mavzuna, alikitia kwenye chupa dirishani mwa ukumbi. Siku ya kumi na moja kilichanua, maua tisa yaliyotawanyika kama meno ya mzee. Bibi harusi wa kwanza aliyekuja kukagua ukumbi aliyaona, akauliza miti yenyewe iko wapi, kwa sababu anataka kupigwa picha chini yake.

Miaprikoti ya Sanavbar ilichanua wiki moja baada ya wakati wake wa kawaida, peke yake kijijini kote. Gafur akasimama langoni kati ya simba wake, akiwaelekeza wenye magari wakaegeshe kwa mwalimu. "Bustani hii ni wazo langu la siku nyingi," aliwaambia wageni. Sanavbar, aliyekuwa hatua tatu nyuma yake, aliendelea kula mbegu za alizeti.

Juni aprikoti ziliiva, kila moja kama yai la kuku. Paa la Sanavbar halikutosha kuanikia, kwa hiyo alipanda kwenye paa la ukumbi, mita zote za saruji, akalijaza nusu za aprikoti mpaka ukingoni. Chini bendi ilikuwa inapiga. Gafur alitoka akatazama juu, jasho likimtiririka.

"Shemeji, wageni wanalalamikia nyuki."

"Waambie na nyuki wamealikwa," Sanavbar alisema, akageuza safu nyingine.

Januari iliyofuata Ubaydullo aligonga mlango kuazima lile bomba la mgongoni. Alisema ni la kupulizia kuku.