Bangili ya Bi Khairiya

Bi Khairiya wa Temeke alikuwa mdarizi wa kofia. Mumewe, Bwana Matar, alikuwa na duka la nguo, na kofia ziliuzwa humo. Sie wasichana alitufundisha barazani kwake, Waislamu kwa Wakristo, bila malipo. Fimbo hakuishika maisha yake yote. Alikuwa na bangili.

Bangili ile ya fedha aliirithi kwa bibi yake. Mwenye kosa alivishwa, na kila adhana ya adhuhuri ilibana kwa unene wa uzi mmoja. Haikutoka mkononi mpaka litamkwe neno "nimekosa." Wenzangu walilitamka kabla haijaanza kubana, waliokosa na wasiokosa.

Miaka ya vita vya Hitla sukari ilikuwa ya kupimiwa. Bi Khairiya akadunduliza miezi, akapika halua ya wageni wa posa ya bintiye. Asubuhi akakuta sinia tupu. Mie ndiye niliyefagia chumba kile. Akanivisha.

"Sema, Koku, yaishe."

"Sijala, Bibi."

Siku ya nne vidole vilivimba. Fundi Audax akaijaribu kwa tupa, tupa ikaisha meno. Baba yangu Leodegar, karani wa reli, akaninong'oneza, "Neno moja tu, mwanangu. Mie bwana mkubwa namwambia kila siku."

"Bwana mkubwa hajakusingizia halua."

Siku ya tisa kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Daktari akasema mkono utakatwa kesho. Ndipo Bi Khairiya akaja hospitali, buibui limekaa upande.

"Sema, Koku. Nakuomba."

"Sijala."

"Najua hukula. Bwana Matar kakiri leo, daktari kamkataza vitamu akawa anakula kwa kujificha. Wewe sema tu, bangili haijui nani kala."

"Basi kama haijui, sema wewe."

Akakaa kitandani kwangu. Nadhani neno lile tangu azaliwe alikuwa akilisikia tu.

"Nimekosa," akasema, akitazama ukuta.

Bangili ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaifuta kwa buibui, akaondoka nayo.

Uvimbe uliposhuka nikarudi barazani kumalizia kofia yangu. Bwana Matar alikuwa dukani, anapima kitambaa kwa mkono mmoja, wa pili umevikwa bangili. Mkewe kamkataza kutamka neno lile mpaka wageni wa posa waje tena.