Nilikwenda Norwei Kutazama Mazimwi

Niliondoka Ifakara kwa ajili ya ghala. Najua mwandishi akipanda ndege watu wa nyumbani hutarajia sababu yenye mabawa: kiu ya dunia, wito wa moyo. Wito huo nilikuwa nao, nao haukuwahi kunipatia hata tiketi ya basi. Kilichonitoa nyumbani ni jengo la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yetu, lenye bati lililoshika kutu na harufu ya pumba isiyoisha, ambalo baba yangu alikuwa hajaamua ampe nani.

Tulioliomba tulikuwa wawili. Wa kwanza ni mimi na kikundi chetu cha waandishi na wasomaji, vijana tunaokutana Jumamosi kusomeana na kusifiana. Tulitaka kuligeuza nyumba ya hadithi za bonde letu, watoto waje wakutane na viumbe ambao bibi zao waliwajua kwa sauti. Wa pili ni Bwana Kasimu, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mlimba, mtu mpole mwenye viatu vya ncha kali vinavyong'aa hata masika, aliyetaka kuweka humo mpunga.

"Nyumba ya hadithi," baba alisema, kama anayerudia jina la ugonjwa alilopewa na daktari. "Siku zote hizi hadithi zilikuwa zinalala nje?"

Baba ni mvuvi, Mndamba wa mtoni. Kabla ya daraja kujengwa alivusha watu kwenda ng'ambo ya Lupiro kwa mtumbwi, na mpaka leo hulitazama daraja kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Basi ulipokuja mwaliko wa waandishi vijana kutoka Norwei, na mwenyeji wangu akanieleza kwamba mjini kwao kuna makumbusho ya viumbe wa ngano, ya kutembelewa na familia, ambamo watoto hawatazami tu bali hugusa, hupanda na kupiga kelele, niliona mbingu zimefunguka. Baba naye aliona nafasi ya kupumua.

"Kaone," alisema. "Ukirudi unieleze wenzetu wanawafuga vipi. Kasimu nitamwambia asubiri."

Alfajiri nilipanda basi. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya mpunga kama shuka jeupe juu ya mgonjwa, na mimi, kwa desturi ya waandishi, niliangalia dirishani kwa huzuni ambayo sikuwa nayo. Jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja anayepeleka mchele Morogoro. Aliniuliza naenda wapi.

"Norwei, mama. Kutazama mazimwi."

Akatafakari hadi tulipoanza kuonja vumbi la mashamba ya miwa.

"Kwani ya kwetu yameisha?"

Kidatu basi lilisimama. Wafanyakazi wa miwa walikuwa wanabadilishana zamu, mapanga mabegani, na juu yao nyaya nene za umeme wa Ruaha zilikuwa zinaondoka kwenda mbali bila kugeuka nyuma. Nilizitazama kwa heshima ya kindugu. Nasi tulikuwa tunafuata njia moja, Mikumi, kisha Dar es Salaam, ingawa zenyewe hazikuulizwa na mtu zinakwenda kufanya nini.

Ndege siielezi. Mwandishi akielezea mawingu kutoka juu huwa hana habari nyingine.

Norwei, kwenye kituo cha treni cha mji mdogo uliokaa kando ya maji meusi, mwenyeji wangu alinisubiri na bango la jina langu. Anaitwa Marit. Utotoni aliishi Kidatu, baba yake alipokuwa huko kwenye kazi za umeme, na Kiswahili chake kimebaki palepale alipokiacha: safi, chenye adabu, cha mtoto. Mama wa makamo mwenye mvi aliinama kidogo mbele yangu akasema, "Shikamoo."

Nilisimama na begi langu nikiwa sijui la kufanya. Kuitikia "marahaba" kwa mtu wa rika la mama yangu ni utovu wa adabu. Kutoitikia nako ni utovu wa adabu. Nikasema shikamoo na mimi. Tukabaki tunaamkiana hivyo, kila mtu akijishusha chini ya mwenzake, mpaka mjukuu wake Tuva, binti wa darasa la pili, akatuvuta mikono sote twende garini.

Jioni ile tulikula samaki huku jua likiwa bado juu, jeupe, halina dalili ya kuchoka. Marit alinieleza kwamba majitu ya milimani kwao yakipigwa na jua hugeuka mawe. Nikatazama nje. Nchi nzima ilikuwa mawe. Nikaona hapa watu wana ushahidi.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda makumbusho. Mlangoni kijana mpole mwenye ndevu alituchagulia mikia, maana huko huingii bila mkia: wa Tuva ulikuwa wa mbweha, wa Marit wa farasi, wangu wa ng'ombe, kwa heshima ya mwanamke mrembo wa msituni ambaye vijana wa Norwei humfuata hadi wanapogundua ana mkia, na hapo wanakuwa wamechelewa. Niliubana nyuma ya sketi yangu ya kitenge. Nilifikiria riwaya zangu zote mbili na mahojiano niliyowahi kufanyiwa redioni, nikaingia.

Katika chumba cha kwanza lililala jitu lenye pua ndefu kama mchi, na watoto walishindana kukoroma hadi sauti yao ilingane na ya jitu, ndipo linafumbua jicho moja. Chumba cha pili kilikuwa ghala. Nilisimama. Lilikuwa ghala kweli, la mbao, na ndani yake mlikaa kizee kidogo kama kidole, chenye kofia nyekundu, ambacho hulinda mavuno na mifugo mradi wenye nyumba wakikumbuke wakati wa Krismasi. Wasipokikumbuka, hupiga ng'ombe. Watoto walipewa vijiko vya mbao wakipikie chakula chake.

"Chakula gani?" niliuliza.

"Wali wa maziwa," Marit akasema. "Na siagi katikati."

Kwa mwana wa Ifakara hilo si jambo dogo. Katika nchi isiyoota hata punje ya mpunga, zimwi linalala macho likisubiri wali. Nilimwaza mama yule wa kwenye basi, nikatamani kumwambia soko lipo.

Chumba cha tatu ndicho kilichonishinda.

Kilikuwa na giza la kijani, harufu ya maji, na boti ya mbao iliyotikisika juu ya springi. Tulikaa ndani yake watu wa familia tatu: sisi watatu, baba mmoja na watoto wake, na mzee mrefu aliyekuja na wajukuu. Mbele ya kila kiti palikuwa na taa ndogo. Kijana mwenye ndevu alieleza, Marit akinitafsiria sikioni: ndani ya ziwa anakaa mmoja anayevuta watu chini. Dawa yake ni moja. Ukimtaja jina lake kwa sauti, nguvu zinamwisha. Kila mtu akilitaja, taa yake inawaka. Taa zote zikiwaka, mlango unafunguka.

Boti ikaanza kuyumba. Katika maji ya kuchorwa yakainuka macho mawili. Watoto wakapiga kelele jina lake kwa raha zote za dunia, taa zikawaka moja baada ya nyingine, ya Marit, ya mzee, ya Tuva.

Yangu haikuwaka.

Lazima nieleze, maana msomaji wa Dodoma anaweza kudhani niliona haya. Kwetu mtoni, ukiwa ndani ya mtumbwi, kuna mnyama humtaji. Ni mnyama wa kawaida, mnene, unamjua. Ukiwa nchi kavu mtaje utakavyo. Juu ya maji baba humwita Mkwe, kwa sababu mkwe humtaji jina na humpitii karibu. "Mkwe yupo kushoto," husema, na kasia linageuka bila maelezo. Nilipokuwa mtoto, mwalimu mgeni aliyekuwa anavuka kwenda Lupiro alimnyooshea kidole akamtaja, tena kwa jina la kitaalamu pia. Baba hakugomba. Aligeuza mtumbwi katikati ya mto, akaturudisha wote ukingoni tulikotoka, akasema leo havushi. Maharusi walikuwemo.

Kwa hiyo nilikaa. Nilijua macho yale ni plastiki. Nilijua chini ya boti kuna saruji, na chini ya saruji kuna fundi umeme. Mimi ni mwandishi. Imani za watu nazitumia, hazinitumii. Nikafungua mdomo kulitamka jina lile la Kinorwei ambalo hata halinihusu. Ukatoka upepo.

"Sema tu," Tuva alinihimiza kwa lugha yake, na wala sikuhitaji tafsiri.

Boti iliyumba. Macho yalizama yakainuka tena, yakazama, yakainuka, kwa uvumilivu wa mashine. Nje ya mlango nilisikia familia nyingine zikijipanga.

"Anaogopa maji?" kijana mwenye ndevu akamuuliza Marit.

"Haogopi," Marit akajibu baada ya kunisikiliza nikimnong'oneza. "Kwao ukiwa majini hawamtaji."

Watu wakatazamana kwa adabu, wasijue wacheke au la. Kisha mzee mrefu, ambaye wakati wote alikuwa ameshika ukingo wa boti kama boti ni kweli, akasema neno. Marit akanigeukia.

"Anasema baba yake alikuwa mvuvi, kaskazini. Wakiwa baharini hawakumtaja farasi, wala mchungaji wa kanisa. Waliwapa majina mengine. Anasema alikuwa amesahau."

"Kwa nini mchungaji?" niliuliza.

Mzee akainua mabega. "Hakuna aliyeuliza tukiwa baharini," Marit akatafsiri, "na tukifika pwani tulikuwa na kazi."

Tuva ndiye aliyetuokoa. Aliinamia taa yangu akapaza jina lile mara ya pili, kwa niaba yangu, kwa sauti iliyotosha Mndamba na ukoo wake. Mlango ukafunguka. Tulitoka nje kwenye jua, na nikagundua nimesahau kurudisha mkia.

Siku ya kurudi Marit alinisindikiza kituoni. Tukaamkiana shikamoo hadi treni ikaondoka.

Ifakara nilifika mchana. Baba alikuwa barazani anashona wavu, na Bwana Kasimu amekaa kiti cha pembeni, viatu vimeng'aa, anasubiri kama alivyoagizwa. Nikasalimia. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani tangu Mikumi, lakini baba hakunipa nafasi.

"Haya, mwandishi. Wanawafuga vipi?"

Nikaanza na kizee cha ghalani, nikiamini kinanifaa.

"Kinalinda ghala," baba alisema taratibu. "Kidogo. Hakionekani. Kinakula mchele."

"Ndiyo, baba."

"Huyo ni panya."

Kasimu alicheka mpaka akatoa leso. Niliona ghala linakwenda Mlimba. Nikasimulia chumba cha tatu, si kwa ushujaa, ila kwa sababu hotuba ilikuwa imenipotea. Sindano ya baba ikasimama kwenye wavu.

"Ukamtaja?"

"Sikumtaja."

"Hata wao wakikusubiri?"

"Hata wakinisubiri."

Akashona matundu kadhaa. Kisha akaingia ndani akatoka na ufunguo.

"Nione kwanza," alisema. "Siku moja. Nikiona ni upuuzi, Kasimu anapakua magunia kesho yake."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kikundi kilifagia pumba, kikachora kuta, kikabishana kuhusu rangi ya mto kana kwamba mto haupo hatua chache kutoka hapo. Katikati ya sakafu tuliweka mtumbwi wa zamani wa baba. Hatukuweka macho ya plastiki. Hatukuweka kitu. Sharti lilikuwa moja: tunavuka kimya, atakayemtaja, wote tunarudi tulikotoka.

Walikuja watoto wa mtaani na wengine kutoka Lupiro, akiwemo Milembe, binti wa wafugaji wa Kisukuma, ambaye aliuliza kabla ya kupanda: "Na ng'ombe, babu, tusimtaje?"

"Ng'ombe mtaje," baba akasema. "Mtaje na mwenyewe, maana ndiye aliyekula mpunga wangu."

"Mpunga wenyewe ulikuwa kwenye njia yake, babu."

Watoto wakacheka, baba akacheka, kisha akashika kasia, na sikuona kicheko kilikwenda wapi.

Mara ya kwanza walirudishwa. Mara ya pili pia, kwa ajili ya mtoto mmoja aliyemtaja ili ajue kama ndiye kweli. Mara ya tatu ghala lilinyamaza. Nilisikia bati likitanuka kwa joto. Baba alipiga kasia hewani, polepole, akakwepa kitu upande wa kushoto, na mtumbwi mzima wa watoto ukaegemea kulia pamoja naye.

Walipofika, baba aliinuka kushuka. Kabla ya kuweka mguu chini, juu ya sakafu kavu ya saruji, alikunja suruali hadi magotini. Hakujua kama amefanya hivyo. Nyuma yake Milembe akainua gauni lake, na mwingine akakunja kaptula, wakashuka hivyo mmoja mmoja, wakitafuta mahali pa kukanyaga.

Bwana Kasimu alikuwa amesimama mlangoni, ametoka Mlimba na kamba ya kupimia. Baba alipopita karibu naye, Kasimu alirudisha viatu vyake nyuma visilowe.

Akavitazama. Akaitazama sakafu. Akakunja kamba yake, akaitia mfukoni.

"Mzee," akamwambia baba, "mpunga hauwezi kukaa humu. Kuna maji."